Simu ya Mkononi katika Ufundishaji wa Fasihi Simulizi Vyuoni: Uhakiki wa Nadharia na Matumizi

IKISIRI

Vifaa vya mkononi, hususani simu janja na vishikwambi, vimeingia katika ufundishaji na ujifunzaji wa elimu ya juu Afrika Mashariki bila kusubiri mtaala uvipe nafasi. Makala hii inahakiki nadharia zinazotumika kueleza matumizi hayo kwa kuzipima katika somo moja, yaani fasihi simulizi ya Kiswahili. Mitazamo minne imechunguzwa: Modeli ya Ukubalifu wa Teknolojia ya Davis, Nadharia ya Umbali wa Kimawasiliano ya Moore, hoja ya Clark kuhusu chombo na mbinu, na nadharia ya Sharples, Taylor na Vavoula inayoutazama ujifunzaji kama mazungumzo. Makala inadai kwamba mitazamo mitatu ya kwanza inaichukulia simu kuwa chombo cha kupelekea maarifa, ilhali katika fasihi simulizi simu ni, kwanza kabisa, chombo cha kukusanyia. Aidha, inabainisha kuwa katika kazi hiyo ya kukusanya simu si kifaa kisichoegemea upande wowote: huipendelea sauti ya fanani na kuifanya hadhira kuwa kelele. Mwisho, makala inaeleza athari za upendeleo huo kwa tathmini, gharama na haki za wasimulizi.

1.0 Utangulizi

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992 ili kutoa elimu ya juu kwa njia ya masafa. Katika miaka yake ya mwanzo mwanafunzi alitegemea vitabu vya kozi vilivyochapishwa, barua, na vikao vichache vya ana kwa ana katika vituo vya mikoa. Mwanafunzi aliyekwama katika ukurasa fulani alisubiri kikao kinachofuata. Hali hiyo ndiyo iliyoifanya simu ya mkononi, ilipoenea miongo miwili iliyofuata, ionekane kama jibu la tatizo la zamani: mwalimu na mwanafunzi wangeweza kufikiana bila kusafiri.

Afrika Kusini ilitangulia kulijaribu jambo hili kwa utaratibu rasmi. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Pretoria kilianza kutumia ujumbe mfupi wa simu kuwasiliana na walimu waliokuwa wakisoma kwa masafa, wengi wao wakiwa vijijini. Ujumbe huo ulikumbusha tarehe za kuwasilisha kazi, mitihani na vikao. Haukubeba somo lenyewe. Ujumbe mfupi mmoja wa kawaida hubeba herufi 160 tu, na katika nafasi hiyo chuo kiliweza kumwambia mwanafunzi afike lini na wapi, si ajifunze nini. Mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na simu janja zikaanza kupatikana kwa bei nafuu zaidi, mpaka huo wa herufi 160 uliondoka. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, wanafunzi wengi hawakuwa na kifaa kingine cha kusomea isipokuwa simu.

Leo, karibu kila kozi ina kundi sogozi ambalo kiongozi wa darasa hulisimamia, na ambamo matangazo, maswali, picha za kurasa za vitabu na sauti zilizorekodiwa hupita kwa wingi kuliko katika mfumo rasmi wa chuo. Tafiti kuhusu hali hiyo zimekuwa nyingi. Pamoja na wingi huo, tafiti nyingi huuliza kama wanafunzi wanayo simu, wanaipenda, na wako tayari kuitumia. Ni chache zinazouliza simu inalifanyia nini somo lenyewe. Makala hii inalishughulikia pengo hilo kwa kuchagua somo ambalo maudhui yake ni sauti, mwili na tukio. Ikiwa kuna somo ambalo simu ingepaswa kulisaidia kuliko kitabu, basi ni fasihi simulizi. Na ikiwa nadharia za matumizi ya simu zina upungufu, upungufu huo utaonekana hapo mapema kuliko kwingine.

2.0 Istilahi na Mipaka ya Uhakiki

Istilahi za uwanja huu bado hazijatulia. Tanzania husema simu ya mkononi au simu ya kiganjani. Kenya huongeza rununu na simu tamba. Neno kishikwambi lilikuwa la wataalamu wachache hadi Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambapo makarani walihesabu watu kwa vifaa hivyo na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Tangu hapo limekuwa neno la kawaida. Mfano huo una funzo kwa wanaleksikografia: istilahi ilikubalika pale kifaa kilipokabidhiwa kwa mtu mwenye kazi ya kukifanyia.

Katika makala hii, vifaa vya mkononi vinamaanisha simu na vishikwambi ambavyo mtumiaji hutembea navyo na ambavyo hurekodi, huhifadhi na kutuma sauti na picha. Kipakatalishi hakihusiki, kwa kuwa mwanafunzi hakichukui mfukoni anapokwenda msibani, arusini au kilingeni. Fasihi simulizi imetumiwa kwa maana aliyoifafanua Mulokozi (1989) katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, ambamo utanzu hautambuliwi kwa maneno peke yake bali pia kwa muktadha wa utendaji: fanani, hadhira, mahali, wakati na tukio. Fasili hii ndiyo mizani ya uhakiki wote unaofuata. Kifaa kitahesabiwa kuwa kinasaidia ufundishaji wa fasihi simulizi iwapo kinauhifadhi muktadha huo au angalau kinamwezesha mwanafunzi kuuhoji.

3.0 Uhakiki wa Nadharia

3.1 Ukubalifu wa Teknolojia

Modeli ya Davis (1989) ndiyo inayoongoza tasnifu nyingi za eneo hili. Modeli inadai kwamba mtu hukubali teknolojia kwa kadiri anavyoiona kuwa na manufaa na kuwa rahisi kutumia. Venkatesh na wenzake (2003) waliipanua kwa kuongeza ushawishi wa jamii na mazingira wezeshi. Nguvu ya modeli hizi ni kwamba zinapimika: hojaji huandaliwa, majibu hupangwa katika viwango vitano, na uhusiano wa vigeu hukokotolewa.

Udhaifu wake ni kwamba zilijengwa kueleza kwa nini mtu hukubali au hukataa programu ya kompyuta, hasa kazini. Hazikujengwa kueleza kama mtu amejifunza. Mwanafunzi anayekiri kuwa simu ni rahisi na ina manufaa anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado asiweze kutofautisha kisasili na kisakale. Zaidi ya hayo, dhana ya kukubali inadhani kwamba kukataa kunawezekana. Katika darasa ambalo tangazo la mtihani hutolewa katika kundi sogozi peke yake, mwanafunzi hakubali simu, anailazimikia. Hojaji inayompa alama ya juu ya ukubalifu mwanafunzi wa namna hiyo inapima utii na kuuita upendeleo. Mtafiti anayetumia modeli hii katika elimu ya juu hana budi kwanza kuonyesha kwamba washiriki wake walikuwa na njia nyingine.

3.2 Umbali wa Kimawasiliano

Moore (1993) aliupa elimu ya masafa msamiati wa maana zaidi. Kwake, umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi si wa kilomita bali wa kimawasiliano, na hutegemea mambo matatu: mazungumzo, muundo wa kozi na uhuru wa mwanafunzi. Mazungumzo yakiongezeka umbali hupungua. Muundo ukiwa mgumu umbali huongezeka. Park (2011) aliitumia nadharia hii kuainisha ujifunzaji wa kutumia vifaa vya mkononi, akitenganisha shughuli za mtu mmoja na zile za kikundi.

Nadharia hii inalifaa kundi sogozi vizuri. Inaeleza, kwa mfano, kwa nini mwanafunzi wa masafa aliyeko wilayani anaweza kujihisi yuko karibu na mhadhiri kuliko mwenzake anayeketi safu ya nyuma katika ukumbi wa wanafunzi mia tano. Hata hivyo, inahesabu pande mbili tu: mwalimu na mwanafunzi. Fasihi simulizi ina upande wa tatu. Bibi anayesimulia ngano hayumo katika kozi, hana namba ya usajili, na maarifa yanayojadiliwa ni yake. Umbali kati ya chuo na fanani haumo katika hesabu ya Moore, ilhali simu imeubadilisha umbali huo kuliko mwingine wowote. Zamani fanani alifikiwa na mtafiti mmoja mwenye kinasasauti. Leo anafikiwa na kila mwanafunzi mwenye simu.

3.3 Chombo na Mbinu

Clark (1983) alipinga tafiti za vyombo vya kufundishia kwa mfano uliopata umaarufu: chombo hakiathiri ujifunzaji zaidi ya vile lori linalopeleka vyakula linavyoathiri lishe ya walaji. Kinachofundisha ni mbinu. Chombo hubeba tu. Kozma (1991) alimjibu kwa kudai kuwa kila chombo kina uwezo wake wa kuwakilisha mambo, na uwezo huo huingiliana na namna mwanafunzi anavyofikiri.

Onyo la Clark lina thamani kubwa kwa watafiti wa Kiswahili. Linazuia kusifu simu kwa matokeo ambayo kwa hakika yametokana na mhadhiri aliyejibu maswali usiku na mchana. Alama za darasa moja zikipanda baada ya kuundwa kundi sogozi, swali la kwanza ni kama kilichopandisha alama ni kundi au ni saa za ziada ambazo mhadhiri alizitumia humo bila malipo. Lakini katika fasihi simulizi mfano wa lori unavunjika. Lori huchukua chakula kilichokwisha kuwa chakula. Simu inaporekodi ngano haichukui ngano iliyokwisha kuwapo nje ya utendaji; inaamua ni sehemu gani ya utendaji itakayobaki na kuitwa ngano darasani. Hapo Kozma ana hoja yenye nguvu zaidi.

3.4 Ujifunzaji kama Mazungumzo

Sharples, Taylor na Vavoula (2007) walipendekeza kwamba ujifunzaji katika enzi ya vifaa vya mkononi ueleweke kama mchakato wa kupata ujuzi kupitia mazungumzo katika miktadha mbalimbali, kati ya watu na teknolojia zao. Kinachotembea, kwa maoni yao, ni mwanafunzi zaidi kuliko kifaa. Huu ndio mtazamo ulio karibu zaidi na fasihi simulizi, kwa kuwa unauweka muktadha katikati na hauuoni kama pambo.

Hata hivyo, mtazamo huu nao una jambo unaloliruka. Unazungumzia mazungumzo kana kwamba wote wanaozungumza wana haki sawa ya kuanza, kunyamaza na kufuta. Mwanafunzi anaweza kusikiliza rekodi mara kumi, kuikata na kuituma. Fanani hawezi kuirudisha. Nadharia inayouita uhusiano huo mazungumzo, bila kutaja nani anashika kifaa, inaupamba uhusiano usio sawa.

4.0 Simu Uwandani

4.1 Fanani, Hadhira na Kipaza Sauti

Simu iliundwa kwa ajili ya mtu mmoja kuzungumza na mwingine aliye mbali. Vipaza sauti vyake na programu zinazoviongoza hulenga kuikuza sauti ya aliye karibu na kupunguza sauti za pembeni, ili anayepiga simu akiwa sokoni au ndani ya daladala asikike. Kwa kusudi hilo ni ufundi bora. Kwa fasihi simulizi ni uhariri unaofanyika kabla mtafiti hajakaa mezani.

Chukua ufunguzi wa ngano. Fanani husema "Paukwa", na hadhira hujibu "Pakawa". Kitendawili nacho hakianzi hadi mtegaji aambiwe "Tega". Katika tanzu hizi jibu la hadhira si mwangwi, ni idhini. Fanani asiyejibiwa hasimulii, na mtegaji asiyeambiwa ategewe hana kitendawili. Simu ikiwekwa mbele ya fanani, na watoto wakiwa wameketi nyuma kwa mduara, idhini hiyo hurekodiwa hafifu, na mara nyingine hukatwa kama kelele. Vicheko, miguno, maswali ya watoto na masahihisho ya mzee mwingine aliye pembeni hupotea kwa namna hiyo hiyo. Ngomezi hupata hasara ya aina nyingine: hata pale kipaza sauti kinapozinasa sauti nzito za ngoma, spika ndogo ya simu haiwezi kuzirudisha, na mwanafunzi anayesikiliza kwa spika hiyo husikia mgongano wa vijiti zaidi ya ujumbe wa ngoma.

Matokeo ya kinadharia ni makubwa. Mwanafunzi anayepokea rekodi hiyo darasani ataandika, kwa nia njema, kwamba ngano ni kazi ya msimulizi mmoja anayezungumza mfululizo. Atakuwa amerudi kwenye mtazamo wa matini ambao wataalamu wa fasihi simulizi, tangu Finnegan (1970), wametumia nguvu nyingi kuuonyesha kuwa haukidhi. Wakati fulani kitabu ndicho kilicholaumiwa kwa kuigeuza fasihi simulizi kuwa maandishi yasiyo na hadhira. Ni kinaya kwamba kifaa cha sauti kinaweza kufanya vivyo hivyo, na kwa hila zaidi, kwa sababu msikilizaji huamini kwamba amesikia kila kitu.

Dawa ya tatizo hili haihitaji kifaa cha gharama. Simu mbili zikiwekwa mahali pawili, moja kwa fanani na nyingine katikati ya hadhira, hutoa rekodi mbili zinazoweza kulinganishwa. Zoezi hilo lina faida ya kifunzi inayozidi usafi wa sauti: mwanafunzi anayezilinganisha rekodi hizo hutambua mwenyewe kwamba tukio moja lina matini mbili, na kwamba kuchagua mojawapo ni kitendo cha uhakiki. Hapo simu huacha kuwa lori na kuwa swali.

4.2 Gharama ya Sauti

Tafiti nyingi hutaja gharama ya bando kwa sentensi moja katika sehemu ya changamoto. Katika somo hili gharama inastahili kukokotolewa, kwa kuwa inaamua ubora wa data. Viwango vya kimataifa vya kuhifadhi sauti hupendekeza rekodi isiyobanwa, yenye biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde au zaidi. Rekodi ya namna hiyo kwa njia mbili za sauti huchukua takriban megabaiti 17 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 1 kwa saa. Rekodi iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 58 kwa saa.

Tuseme darasa lina wanafunzi 50, na kila mmoja anatakiwa kuwasilisha ngano moja ya dakika 20. Kwa rekodi zisizobanwa, mhadhiri atapokea takriban gigabaiti 17. Kwa zilizobanwa, chini kidogo ya gigabaiti 1. Kila mwanafunzi naye atalazimika kutuma karibu megabaiti 346 katika hali ya kwanza na karibu 19 katika hali ya pili, kutoka popote alipo na kwa fedha zake. Ni wazi ni njia ipi itakayofuatwa. Kwa hiyo bei ya bando, wala si uamuzi wa kitaaluma, ndiyo inayoamua kwamba hifadhi za sauti za idara zitajengwa kwa rekodi za kiwango cha chini.

Kuna gharama nyingine isiyolipwa kwa shilingi. Ngano 50 za dakika 20 ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40 za kusikiliza mara moja tu, kabla ya kutoa maoni au alama. Insha inaweza kupitiwa kwa jicho. Sauti husikilizwa kwa mwendo wake. Mhadhiri asiyepunguziwa mzigo wa vipindi atafanya mojawapo ya mambo mawili: atasahihisha unukuzi bila kusikiliza rekodi, au ataacha kutoa zoezi hilo. Katika hali ya kwanza simu imetumika lakini sauti haikusikilizwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeirekodi. Mpango wowote wa kuingiza vifaa vya mkononi katika mtaala ambao hauhesabu saa za kusikiliza umehesabu nusu ya gharama.

4.3 Haki ya Fanani

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua ulinzi wa sanaa za jadi, na Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni. Aidha, Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa imetangulia kwa sheria ya namna hiyo mwaka 2019. Sauti ya mtu anayejulikana kwa jina na kijiji ni taarifa inayomhusu. Kwa hiyo zoezi la darasani ambalo zamani lilionekana kuwa la kawaida sasa lina sura ya kisheria.

Tatizo ni kwamba kasi ya simu huipita kasi ya ridhaa. Fomu ya ridhaa inayoandaliwa kwa ajili ya tasnifu husema kwamba data itatumika kwa utafiti. Rekodi ikitumwa katika kundi sogozi la darasa ili mwenzake mmoja asaidie kunukuu, imekwisha kufika katika simu zote za wanakundi, na kutoka hapo hakuna fomu inayoifuata. Bibi aliyekubali kumsimulia mjukuu wake anayesoma chuoni hakukubali kusimulia wanafunzi 200 na jamaa zao. Nyimbo za jando na unyago zinaonyesha uzito wa jambo hili: thamani yake katika jamii inategemea nani anaruhusiwa kuzisikia. Kuzisambaza si kuzihifadhi. Ni kuziondolea sharti linalozifanya kuwa zilivyo.

Swali la ridhaa, kwa hiyo, halipaswi kuachwa katika sura ya mbinu za utafiti. Ni sehemu ya maudhui ya kozi. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini rekodi fulani haistahili kutumwa ameielewa fasihi simulizi kuliko yule aliyekusanya rekodi nyingi zaidi.

5.0 Mjadala

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa dhidi ya uhakiki huu. Ya kwanza ni kwamba rekodi yenye kasoro ni bora kuliko kukosa rekodi. Wasimulizi wanazeeka, na wengi wao watafariki kabla idara yoyote haijanunua vinasasauti bora. Pingamizi hili ni la haki. Thamani ya simu ni kwamba ipo mahali pa tukio wakati tukio linapotokea. Mtafiti mwenye vifaa bora hufika baada ya kualikwa, na aghalabu hukuta utendaji ulioandaliwa kwa ajili yake. Hata hivyo, kasoro inayojulikana na kasoro isiyojulikana hazilingani. Rekodi inayoambatana na maelezo ya mahali simu ilipowekwa, idadi ya waliokuwapo, nani alijibu na nini hakikusikika, ni data. Rekodi isiyo na maelezo hayo ni sauti tu. Kurasa mbili za maelezo hazihitaji bando, na ndizo zinazoiokoa rekodi ya megabaiti 19.

Pingamizi la pili ni kwamba uhakiki huu unamchukulia kila mwanafunzi kuwa na simu janja. Wapo wenye simu za vitufe, wapo wanaoazima, na wapo wanaowasha mtandao mara moja kwa juma. Pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Zoezi la simu mbili lililopendekezwa hapo juu ni la kikundi, na kikundi cha wanafunzi watano kinahitaji simu mbili, si tano. Asiye na simu hapewi nafasi ya huruma. Anakuwa mtazamaji anayeandika kile ambacho simu haiwezi kukinasa, kama vile macho ya fanani, mikono yake na nani aliondoka kabla ya mwisho. Katika fasihi simulizi kazi hiyo ni ya kwanza kwa umuhimu. Njogu na Chimerah (1999) walikwisha kusisitiza kwamba ufundishaji wa fasihi unategemea mbinu zinazomshirikisha mwanafunzi. Kifaa cha mkononi hakibadilishi kanuni hiyo bali kinaipima.

Ikumbukwe pia kwamba hoja hizi hazihusu masomo yote kwa uzito sawa. Katika sarufi au katika historia ya fasihi andishi, ambako maudhui yamekwisha kuandikwa, simu hubaki zaidi kuwa njia ya kufikisha, na nadharia ya Moore inatosha kueleza mengi. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba hakuna nadharia moja ya vifaa vya mkononi inayoweza kutumika kwa elimu ya juu yote bila kuuliza somo linalofundishwa ni lipi na maarifa yake huishi wapi.

6.0 Hitimisho

Makala hii imehakiki mitazamo minne inayotumika kueleza matumizi ya vifaa vya mkononi katika elimu ya juu. Imebainika kwamba Modeli ya Ukubalifu wa Teknolojia hupima utayari na haipimi ujifunzaji. Kwamba Nadharia ya Umbali wa Kimawasiliano humsahau fanani. Kwamba onyo la Clark husaidia kutenganisha kazi ya mwalimu na sifa ya kifaa, lakini mfano wake haufai pale kifaa kinapoyaunda maudhui. Na kwamba nadharia ya mazungumzo inakaribia zaidi lakini huficha usawa usiokuwapo kati ya anayerekodi na anayerekodiwa.

Kutokana na uhakiki huo, mambo matatu yanapendekezwa kwa idara zinazofundisha fasihi simulizi. Kwanza, kila rekodi inayowasilishwa iambatane na maelezo ya muktadha, na alama zigawanywe ili maelezo hayo yawe na uzito usiopungua ule wa rekodi. Pili, saa za kusikiliza zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri kama zinavyohesabiwa saa za mihadhara. Tatu, ridhaa ya fanani itaje wazi kama rekodi itabaki kwa mwanafunzi, itafika darasani, au itawekwa katika hifadhi ya chuo, na fanani aruhusiwe kukubali moja na kukataa nyingine.

Tafiti zijazo zinaweza kuanzia pale ambapo hojaji za ukubalifu zinaishia. Badala ya kumuuliza mwanafunzi kama anaipenda simu yake, zimpe rekodi mbili za tukio moja na kumuuliza hadhira iko wapi. Jibu lake litaonyesha kama amejifunza fasihi simulizi, na litaonyesha pia kama simu imemsaidia au imemzibia masikio.